Mzee Marufuku na Sanduku la Kadi

Mtaa mzima ulimwita Mzee Marufuku, na mwenyewe hakuona kosa lolote kwenye jina hilo. Alikuwa mchora mabango. Kila ulichokatazwa mtaani pale, ulikatazwa kwa mkono wake. Usikojoe hapa, ni yeye. Usitupe takataka, ni yeye. Mbwa mkali, ni yeye, hata kwenye nyumba ambazo mbwa alishakufa zamani, limebaki bango peke yake linafanya kazi ya mbwa. Hatukopeshi, usiegemee, hakuna njia, vua viatu, usiongee na dereva: yote yalitoka kwenye kibanda chake cha mabati ubavuni mwa nyumba yake, kwa herufi kubwa nyekundu juu ya ubao mweupe wenye ukingo mwekundu pande zote nne.

Na watu walikuwa wanatii, jamani. Si kwamba walimwogopa yeye. Yeye alikuwa mtu mwembamba tu, sauti ya chini, mtu wa kuomba radhi hata kwa mbuzi aliyemzibia njia. Kilichotiiwa ni mwandiko. Herufi zake zilisimama zimekaza shingo, ukiziona tu mguu unarudi nyuma wenyewe. Kuna siku aliegemeza ubao wa HAIRUHUSIWI KUPITA kwenye mlango wa posta, akaingia dukani mara moja kununua misumari, na huko dukani akakutana na mtu wa soga. Posta ilishinda bila mteja hata mmoja. Wafanyakazi waliokuwa ndani nao hawakuthubutu kutoka, wakawa wanaomba chai kwa ishara dirishani, mpaka yeye mwenyewe alipokumbuka ubao wake.

Mtauliza kwa nini basi hakuwahi kuandika KARIBU, na hilo lina kisa chake. Alipokuwa kijana alipelekwa kujifunza kwa mchoraji mmoja mzee, mtu mkali, mwenye utaratibu wake wa kufundisha. Makatazo kwanza, alisema yule mzee, maana huko ndiko kwenye kazi. Mkono ukishakomaa kwenye makatazo, ndipo tutaingia kwenye makaribisho, pongezi na maneno matamu. Kijana akakataza, akakataza, mkono ukakomaa. Wakapanga kuanza KARIBU siku ya Jumatatu. Jumapili mzee akafariki. Basi bwana huyu akatoka pale na nusu ya ufundi, ile nusu ya kukataza, na hakuwahi kumpata mtu wa kummalizia nusu iliyobaki. Aliwahi kujaribu KARIBU peke yake mara moja, kwa mwenye mgahawa mmoja. Watu waliliona lile KARIBU kwa mbali, wakavuka barabara.

Mkewe alikuwa mshona mapazia, na mtaani walimwita Mama Pazia. Huyo alikuwa kinyume chake kabisa: sauti ya kujaza nyumba, mwepesi wa maneno, angeweza kukusifia pazia mpaka ukalichukua, ukafika nalo nyumbani ukakumbuka kwamba huna dirisha. Walikutana kwenye benchi. Alikuwa binti wakati huo, ametembea na mzigo wa vitambaa tangu asubuhi, akakuta benchi lina ubao wa RANGI MBICHI USIKAE. Akausoma, akakaa. Aliposimama, nyuma ya gauni lake kulikuwa na mistari myekundu, na mwenye brashi alikuwa amesimama pembeni mdomo wazi, hajawahi kumwona binadamu anayesoma mwandiko wake halafu anafanya anachotaka. Alipenda palepale. Hakusema, maana kusema hakujua, lakini alimfuata na tambara na mafuta ya taa ya kufutia rangi, na ndoa ikaanzia hapo.

Walizaa binti mmoja, wakamlea, wakamwoza mji mwingine. Nyumba ikabaki ya watu wawili, na ndipo mabango yalipoanza kuingia ndani. Mzee Marufuku alimpenda mkewe kupita kiasi, na kila alipohisi kitu moyoni alikwenda kibandani akarudi na ubao. Mkewe akiteleza bafuni, kesho yake bafuni kuna SAKAFU INATELEZA. Akiungua na sufuria, jikoni kuna MOTO USIGUSE. Akilala bila kuzima taa, ukutani kuna KUZIMA TAA NI LAZIMA. Alipopata mafua, mlango wa chumbani ulipata MGONJWA NDANI KELELE MARUFUKU, na majirani waliokuja kumjulia hali wakaishia kizingitini, wakaweka matunda chini, wakarudi kwa kunyata. Mama Pazia alilala siku zote zile akidhani kwamba mtaa umemsusa.

Kilichovunja kila kitu ni jioni moja. Mama Pazia alimkumbuka marehemu mama yake, akakaa kitandani akalia. Mumewe alisimama mlangoni, roho inamuuma vibaya sana. Alitaka kumwambia asijiumize, ale kidogo, apumzike. Lakini kusema hakujua. Akaenda kibandani, akarudi na ubao, akaupigilia taratibu juu ya kitanda: MWISHO WA KULIA SAA TATU.

Mama Pazia aliacha kulia palepale. Akautazama ubao, akamtazama mume, akavuta begi lililokuwa chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi, mama watoto?"

"Kwa dada yangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayoniandikia kitu kisichokataza chochote," alisema, akikunja nguo. "Mji wote huu umeuandikia. Mimi mkeo sijapata hata mstari mmoja wa kunifurahisha. Kitu kimoja tu, baba, kisichokataza. Siku hiyo nitarudi."

Akaondoka, na asubuhi cherehani yake ikamfuata kwenye mkokoteni. Hapo mume akajua si mzaha. Mwanamke yule angeweza kuondoka akasahau viatu, lakini cherehani hakuwa mtu wa kuihamisha kwa hasira za siku mbili.

Alikaa pale siku kadhaa, kula hali, usingizi haupati. Nyumba yote ilikuwa inamkataza. Kila alikogeukia kuna ubao, na kila ubao ni mwandiko wake, akafika mahali anaogopa hata kufungua friji yake mwenyewe. Akampigia simu binti yake.

"Baba, mtengenezee mama boksi la zawadi," binti alisema. "Siku hizi watu wanatengeneza kwa mkono. Boksi zuri, ndani unaweka kadi ulizozikata na kuzipamba wewe mwenyewe, kila kadi na neno lake. Weka utepe, weka maua. Mama atayeyuka."

"Maua ya kuchora?"

"Ya kuchora, baba. Na uandike yanayotoka moyoni."

"Sawa, mama," alisema, maana ndivyo alivyozoea kumwita binti huyo tangu alipozaliwa, na akaweka simu chini akiwa ameloa jasho.

Sanduku lenyewe lilikuwa kazi rahisi. Alikata plaiwudi, akaipiga msasa, akaweka bawaba mbili ndogo na kikomeo, akapaka rangi nyeupe. Kisha, bila kufikiri, mkono ukapita na ukingo mwekundu pande zote, na juu ya kifuniko ukaandika JUU HUKU USIPINDUE. Jirani yake kinyozi, ambaye saluni yake ilipakana na kibanda, alitoka na mkasi mkononi akalizunguka.

"Nani kaumia?" aliuliza.

"Hakuna aliyeumia. Hili ni boksi la mapenzi."

"Hili ni boksi la huduma ya kwanza, mzee mwenzangu. Limebaki msalaba tu."

Mzee Marufuku akalifunga utepe ili kulirekebisha. Utepe nao ulikuwa ule wa plastiki, wa mistari myekundu na myeupe, wa kuzungushia mashimo ya barabarani. Ndio aliokuwa nao.

Kadi ndizo zilizomtoa jasho. Karatasi za manila alizikata kwa wembe na rula, zikanyooka, akazikunja katikati, hapo hana mpinzani. Ila kalamu za rangi hakuwa nazo wala hakuziamini. Alitumia rangi yake ileile ya mafuta, ambayo kwenye bati inakauka vizuri tu, lakini kwenye manila inasambaa na kunata, na ukiigusa inaondoka na kidole chako. Maua nayo yalimshinda. Maishani mwake alishachora vitu viwili, fuvu la hatari na mbwa mkali. Alijaribu waridi. Akalizungusha vizuri, akatia kivuli hapa na pale, akarudi nyuma kulitazama, na waridi likawa linamtazama yeye kwa matundu mawili ya macho. Akajaribu jingine, likatoka na meno. Mwishowe akachora mbwa, maana mbwa alimjua, akamfunga utepe shingoni ili aonekane ana furaha. Mbwa hakuonekana kuukubali ule utepe.

Sasa maneno. Alikaa mbele ya kadi ya kwanza, akafumba macho, akamfikiria mkewe, akaandika HERI YA SIKU YA KUZALIWA, ingawa siku yenyewe ilikuwa mbali. Akafungua macho, akasoma, akafurahi mpaka akajipiga paja. Lakini mkono haukuwa umemaliza. Mkono ulizoea kwamba ubao una mistari miwili, na mstari wa pili ukajileta wenyewe: IKISHATOLEWA HAIRUDISHWI.

"Soma," alimwambia kinyozi.

Kinyozi alisoma, akaenda kukaa juu ya ndoo. "Endelea," alisema, akijifuta machozi ya kucheka. "Usikate tamaa mapema."

Akaendelea. NAKUPENDA, aliandika, na chini yake HAKUNA NJIA. WEWE NI MZURI, USIEGEMEE. NIMEKUKUMBUKA SANA, USIPIGE HONI. MKE HUYU HAUZWI, EPUKA MATAPELI. Kila alipoanza vizuri, mstari wa pili ulikuwa umemvizia kwenye kona. Alijaribu mkono wa kushoto, na wa kushoto ukakataza vilevile, tena kwa mwandiko mbaya. Alijaribu kuandika huku kinyozi amemshika kifundo cha mkono, tayari kuuvuta mstari wa kwanza ukiisha tu, wakavutana mpaka kopo la rangi likamwagikia suruali ya kinyozi.

"Hebu acha kutafuta maneno ya watu," kinyozi alisema, akiikamua suruali. "Wewe mwenyewe unahisi nini? Andika unachohisi."

"Nahisi asiondoke tena."

"Hiyo inakataza."

"Nahisi asiumwe. Asilie peke yake. Asinichoke."

Kinyozi aliiacha suruali. "Mzee mwenzangu," alisema, "wewe hata moyoni umetundika mabango." Hakusema kwa kejeli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka.

Kufika adhuhuri kadi zilikuwa tele, zote mbichi, na zimeanza kugandana. Akazitundika kwenye kamba ya nguo iliyopita mbele ya nyumba, kando ya barabara, kila moja na kibanio chake. Mojawapo ilikuwa ile aliyoiona bora kuliko zote, TAFADHALI NISUBIRI HAPA, USIONDOKE. Kwake hilo lilikuwa ombi la mume aliye njiani kumfuata mkewe. Akaingia ndani kutafuta shati safi.

Mama mmoja alikuwa anapita na kapu la mboga. Akaiona kadi, akaisoma, akaweka kapu chini, akasubiri. Akaja fundi baiskeli, akasoma, akasimama nyuma ya kapu. Akaja muuza mayai, wakaja watu waliotoka kazini kwenda kula, wakaja na wengine ambao hawakusoma chochote, ila waliona foleni na hawakutaka kupitwa. Mzee Marufuku alipotoka na shati lake, foleni ilikuwa imekunja kona ya mtaa.

"Mnasubiri nini?" aliuliza.

"Hatujui," alisema mama wa kapu. "Sisi tumeandikiwa tusubiri. Wewe ndiye uliyeandika, tuambie wewe."

"Sikuwaandikia nyinyi. Hiyo ni kadi ya mke wangu."

"Basi na mkeo akija apange foleni kama wenzake."

Huko nyuma watu walishaanza kushikana mashati. Bwana mmoja mwenye tai alikuwa anadai kwamba yeye yupo pale tangu zamani, ila alitoka kidogo kwenda kunywa maji, na shahidi wake ni muuza mayai, na muuza mayai anakana. Mzee Marufuku akaichomoa kadi kambani ili aitie sandukuni, akaanza kuondoka nayo. Foleni nzima ikageuka, ikamfuata. Kadi ilisema HAPA, na HAPA yenyewe ilikuwa imeanza kutembea, wangefanya nini? Aliizunguka nyumba, wakaizunguka naye, kwa utaratibu mzuri, bila kusukumana. Maji yalimfika shingoni. Akachomoka mbio mpaka kibandani, akatoka na ubao: LEO HUDUMA IMEFUNGWA. Wakausoma, wakaridhika, wakatawanyika. Wengine walimshukuru, na yule wa tai alisema kwamba angalau hapa mtu anaambiwa ukweli mapema.

Basi akazipanga kadi sandukuni zikiwa bado zinanata. Akachomeka brashi kwenye mfuko wa shati na kikopo cha rangi kwenye mfuko wa koti, maana bila vitu hivyo viwili alijiona yuko uchi, akashika njia, roho mkononi.

Hata njia haikumwachia. Alisimamishwa na mtu aliyejikata kidole akifungua kopo la samaki, ambaye alikuwa ameliona lile sanduku jeupe tangu mbali na hakukubali maelezo ya aina yoyote. "Mzee, boksi unalo na mimi damu hii unaiona, usininyime huduma," alisema, kidole juu. Mzee Marufuku akafungua, akampa kadi iliyokuwa juu. Yule bwana akasoma POLE SANA, USIJIKUNE, akajizungushia ile kadi kidoleni, rangi ikagandisha damu, akaenda zake anajisikia nafuu.

Dada mkubwa wa Mama Pazia alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, tena mjane, na wote walimwita Mwalimu, hata ndugu zake wa tumbo moja. Alimwonyesha shemeji yake kiti kigumu, akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu. Mama Pazia alikuwa kwenye cherehani yake dirishani, anashona mapazia ya watu. Hakunyanyua uso.

"Umeleta?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeleta, shemeji."

"Sharti unalijua. Kitu kisichokataza chochote, na kimoja tu kinatosha. Mdogo wangu hakukupa mtihani mgumu."

"Nalijua, Mwalimu."

Mwalimu akafungua utepe. Kwanza akasoma kifuniko, akakitia alama ya kosa. Kisha akaanza kadi moja moja, kwa sauti ya kusomea matokeo. HERI YA SIKU YA KUZALIWA, IKISHATOLEWA HAIRUDISHWI. Inakataza. NAKUPENDA, HAKUNA NJIA. Hii ndiyo kabisa. WEWE NI MZURI, USIEGEMEE. "Shemeji, asiegemee wapi?" Cherehani ilikuwa inaendelea, ila kila kadi iliposomwa mguu wa Mama Pazia ulipoteza mwendo. Mwalimu alipomnyanyua mbwa mwenye utepe, cherehani ilisimama kabisa, mabega yakawa yanatikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia, mpaka ilipoanza tena.

Ikabaki kadi moja: SAMAHANI KWA USUMBUFU, KAZI INAENDELEA. Mwalimu akaisoma, akavua miwani, akaivaa, akaisoma tena.

"Hii haikatazi," alisema shingo upande.

Mzee Marufuku akanyanyuka nusu kwenye kiti. Mwalimu akaigeuza kadi. Kule nyuma, kwa herufi ndogo, iliandikwa ASIYEHUSIKA ASISOME.

"Umefeli, shemeji," Mwalimu alisema, akiziweka kadi pembeni. "Zote. Nimefundisha maisha yangu yote, darasa la namna hii sijaliona."

Mzee Marufuku alikaa. Akamtazama mkewe, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kupata ujasiri wa kumtazama. Alimwona ana miwani mpya asiyoijua, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe. Labda zimegeuka tangu aondoke, au labda zilikuwa nyeupe miaka mingi na yeye alikuwa anatazama mbao. Ikamwingia hofu ambayo hakuwahi kuijua.

"Nipe nafasi moja ya mwisho," alisema. "Hapahapa."

"Utaandika wapi? Karatasi umezimaliza."

Akageuza kifuniko cha sanduku. Upande wa ndani palikuwa peupe. Akatoa kikopo, akachovya brashi, na Mama Pazia akaacha cherehani akaja kusimama nyuma ya bega lake, maana aliujua mkono ule na alitaka kuona unachofanya.

Herufi ya kwanza ilikuwa M, na Mwalimu akasema kwa matumaini kwamba pengine ni MPENZI. Ikaja A, ikaja R, Mwalimu akaanza kutikisa kichwa. Ilipofika F hapakuwa na haja ya kuendelea kutazama. MARUFUKU, kifuniko kilisema, kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

"Hata aibu hana," Mwalimu alisema.

Lakini mkono haukusimama. Ulishuka kwenye mstari wa pili, polepole. KUFA KABLA YANGU, uliandika. Kisha akaweka brashi chini, akakunja mikono mapajani.

Mama Pazia alisoma, akarudia kusoma, akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo wewe ndiye unayetangulia," alisema.

"Ndivyo nilivyoandika."

"Na mimi nibaki. Nibaki kwenye nyumba ile, kila ukuta unanigombeza kwa mwandiko wako, na wewe mwenyewe haupo nikujibu."

"Mimi siwezi kubaki, mama watoto. Nimejaribu hizi siku chache. Siwezi."

"Na nani kakwambia mimi naweza? Futa."

"Rangi ya mafuta haifutiki bila mafuta ya taa, na sikuja nayo."

"Basi ongeza na jina lako. Ukatazwe na wewe."

"Tukikatazwa wote, sasa atakayekufa ni nani?"

"Asife mtu. Kwani ni lazima?"

"Lazima ni lazima, mimi sikuiweka."

"Kwenye kuzima taa unajua kuweka lazima, hapa ndipo unashindwa?"

Yeye, mtu wa sauti ya chini, alipandisha sauti mpaka jirani wa Mwalimu akachungulia ukutani. Alisema mwanamke gani huyu, mtu anamwomba jambo moja tu maishani naye analeta ubishi. Mama Pazia alisema ombi gani lenye ukingo mwekundu. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakuyafuta, na hakuacha kubishana.

"Mwalimu, weka alama," alisema. "Mwambie kwamba inakataza."

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu juu ya kifuniko muda wote huo bila kuishusha.

"Inakataza," alisema, na sauti haikuwa tena ile ya kusomea matokeo. "Mimi wangu hakuna aliyemkataza. Alikwenda tu siku ya kawaida, chai yake iko mezani. Nendeni mkagombane kwenu."

Akawafungulia mlango. Walitoka wakiwa bado wanabishana. Mama Pazia alilibeba sanduku yeye mwenyewe, kifuniko wazi ili rangi isigande vibaya, vidole vyote vimekuwa vyekundu. Mumewe alitembea ubavuni mwake akitafuta njia ya kati, na walipofika njia panda akapendekeza wafe siku moja, saa moja, ili pasipatikane wa kulalamika. Mama Pazia alilifikiria jambo hilo mpaka wakawa wamevuka barabara.

"Sawa," alisema. "Ila siyo mwezi huu. Nina mapazia ya watu."